Kinywa cha Punda si Chuma

Juma hili nataka tuzungumze habari za mtumishi wa nyumbani ambaye hatujapata kumtaja katika ukurasa huu, ingawa maji tunayokunywa na pamba tunayouza hupita mgongoni mwake. Ni punda. Na katika punda huyo tutatazama mahali pamoja tu, yaani kinywa chake.

Nianze kwa kuungama kosa langu mwenyewe, ili asidhani mtu kwamba ninawasema wengine.

Kiangazi kimoja nilinunua punda dume mnadani. Alikuja na waya kinywani. Ulikuwa waya wa uzio uliosokotwa mara mbili, umepita juu ya ulimi na kufungwa chini ya kidevu, na kamba ya kuvutia imetiwa hapo. Aliyeniuzia akaniambia, "Huyu ana kichwa kigumu. Ukiutoa waya, hutamshika." Mimi nikaamini. Siku za kwanza tulikwenda vizuri, madumu mawili huku na mawili huku, kutoka visima vya mchangani mtoni mpaka nyumbani hapa Shishiyu. Kisha akaanza vituko. Anarusha kichwa juu. Anaachama kinywa. Anakwenda upande upande kama mlevi, au anasimama katikati ya mchanga na kukataa kabisa kuinua mguu. Nami nikafanya kama wafanyavyo wengi: nikavuta kwa nguvu zaidi, na fimbo ikafuata.

Asubuhi moja mzee jirani yangu alinikuta kisimani katika vita hivyo.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu. Je, Karani, umepata kumfungua kinywa huyo mnyama ukatazama ndani?"

"Bado, baba."

"Basi tangu lini mtu akakata shauri asilolisikiliza?"

Mzee akamshika punda taratibu, akamsemesha, akaulegeza waya na kumfungua kinywa. Ndugu zangu, niliona haya. Ulimi ulikuwa umekatwa, kidonda kimeukingama, na pembe za midomo zimechanika na kuvimba. Harufu yake sitaisahau. Mzee akasema neno moja tu: "Huyu si mkaidi. Alikuwa anakuambia."

Nikakumbuka habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, aliyempiga punda wake mara tatu akimwona mpumbavu, kumbe punda ndiye aliyekuwa akiona kilichopo njiani.

Punda yule alikaa majuma matatu bila kazi. Katika majuma hayo mke wangu na binti yetu walirudi kuchota maji kwa kichwa. Binti alichelewa shule siku nyingi kuliko nilizopenda kuhesabu. Hiyo ndiyo faida niliyoipata kwa waya usio na bei.

NDANI YA KINYWA

Basi na tuingie ndani ya kinywa, tuone kwa nini chombo kidogo huleta maumivu makubwa.

Punda, kama ndugu yake farasi, ana meno ya mbele ya kukatia majani, sita juu na sita chini. Nyuma yake kuna pengo, ambalo madume huota humo meno madogo yaliyochongoka. Kisha yanafuata magego ya kusagia. Pengo hilo ndipo mahali ambapo watu tangu zamani waliona nafasi ya kupitisha chuma au kamba. Wengi hudhani ni mahali patupu. Sivyo. Chini ya pengo hilo ni mfupa wa taya, nao una makali kama ukingo wa jembe, umefunikwa na ufizi mwembamba tu. Bonyeza kidole chako juu ya mfupa wa muundi wa mguu wako, utafahamu ninavyosema. Na juu ya pengo ulimi hujaza nafasi karibu yote. Kwa hiyo kitu chochote ukiingizacho hapo lazima kiulalie ulimi, au kiugonge mfupa, au vyote viwili.

Waya ni mwembamba. Uzito wote wa mkono wako unakuja juu ya mstari mmoja mwembamba, nao unakata kama uzi unavyokata sabuni. Kamba nyembamba ya nailoni si bora sana: nayo hukata, tena ikikauka na mate huwa ngumu.

Jambo jingine la kufahamu ni hili. Punda huficha maumivu. Ng'ombe akiumia utajua mapema, na mbuzi atapiga kelele, lakini punda atanyamaza na kuendelea na kazi mpaka mambo yawe mabaya. Kwa hiyo akianza kurusha kichwa, usiseme kwamba ameanza leo kuumia. Sema kwamba leo ameshindwa kuvumilia.

HABARI YA LIJAMU

Waliosikiliza masomo ya Misa wamelisikia neno lijamu katika Waraka wa Mtakatifu Yakobo, pale anaposimulia jinsi farasi anavyogeuzwa mwili wake wote kwa kitu kidogo kinywani. Wengi wetu farasi tumemwona pichani tu. Nchini mwetu wako wachache, kama wale wa Kikosi cha Polisi cha Farasi na Mbwa. Lakini katika nchi zenye farasi wengi, watu huumiza vichwa sana kuchagua lijamu ya farasi mwenye kinywa chepesi kuumia. Waliyojifunza yatufaa hata sisi wenye punda.

La kwanza walilojifunza: lijamu nene si lazima iwe laini kuliko nyembamba. Zamani ilidhaniwa hivyo, maana unene hutawanya uzito. Lakini kinywa hakina nafasi nyingi, na mnyama mwenye ulimi mkubwa akitiwa chuma kinene hushindwa hata kufunga midomo na kumeza mate. Yafaa iwe ya kadiri, kwa kipimo cha kinywa chenyewe.

La pili: upana. Lijamu fupi hubana midomo, na ndefu hucheza huku na huku na kupiga meno. Inayofaa hutokeza kidogo tu kila upande wa mdomo, kama nusu sentimeta.

La tatu: iwe laini kama kijiko, bila kutu wala ncha, na kiungo chake kisiwe cha kubana ulimi.

La nne: ikae juu ya pengo ikigusa pembe za midomo bila kuzivuta. Ikiwa mnyama amevutwa midomo hata anaonekana kama anacheka, ujue hacheki.

La tano ndilo kubwa kuliko yote: lijamu ina upole wa mkono unaoishika, wala haina zaidi. Mkono mkali hugeuza lijamu bora kuwa adhabu.

Na wako wapanda farasi wengi, huko Ulaya na Marekani, walioiacha lijamu kabisa. Humwongoza mnyama kwa mkanda wa puani, na mnyama huenda vizuri. Hapo ndipo ninapotaka tufike sisi.

PUNDA WETU HAHITAJI CHUMA

Ndugu msomaji, jiulize: punda wangu anafanya kazi gani? Anakwenda mwendo wa mtu, mara nyingi mtu akiwa kando yake, kutoka mtoni mpaka nyumbani, au kutoka shambani mpaka ghala la pamba. Hakimbii mashindano, harushwi juu ya viunzi. Mnyama wa mwendo huo hahitaji kitu kinywani. Anahitaji hatamu nzuri ya kichwani, basi.

Hatamu hiyo unaweza kuitengeneza mwenyewe jioni moja. Sisi wa Simiyu tunalima pamba kwa wingi, kisha punda anayeibeba tunamfunga kwa waya! Sokota kamba ya pamba, nene kama kidole gumba, au tumia mkanda wa pamba wenye upana wa vidole viwili. Mikanda ya viti vya magari makuukuu nayo hufaa sana, maana ni mipana na imara. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta ni njema. Kamba ya katani hukwaruza, kwa hiyo izungushie kitambaa. Mpira wa baiskeli usiuweke juu ya ngozi yake, maana jasho likichanganyika na mpira huleta vidonda.

Vipande ni vinne. Mkanda wa pua unazunguka pua na taya. Mkanda wa kisogo unapita nyuma ya masikio. Mikanda miwili ya mashavuni inaunganisha hiyo. Tia pete moja chini ya kidevu kwa kamba ya kumwongozea. Kama unamwendesha kutoka nyuma kwa mkokoteni, tia pete mbili kando ya mkanda wa pua, moja kila upande, ufunge vigwe hapo.

Sasa sikiliza vipimo vyake, maana hatamu mbaya nayo huumiza. Mkanda wa pua ukae chini ya ule mfupa wa shavu unaojitokeza, kwa nafasi ya vidole viwili. Ukishuka sana kuelekea matundu ya pua, unabana pumzi na kuulemea mwisho mwembamba wa mfupa wa pua. Na kati ya mkanda na uso vidole viwili vipite bila kushurutishwa. Mafundo yote yawe nje, yasiguse ngozi. Jioni mvue hatamu, asije akanaswa na kichaka usiku. Ioshe jasho na vumbi kila juma, kama unavyofua shati lako la Jumapili.

"BILA CHUMA HASHIKIKI"

Najua mmoja wenu anasema hivyo sasa. Nami nilisema. Lakini punda hashikwi kwa nguvu. Mtu mzima hawezi kumshinda nguvu punda aliyekusudia kwenda zake, awe na waya au asiwe nao. Anakufuata kwa sababu amejifunza, na kwa sababu hakuogopi.

Mfundishe hivi. Vuta kamba kidogo, kama unavyomgusa mtu bega. Mara anapopiga hatua moja, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko asante anayoielewa. Ukiendelea kuvuta hata baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Tumia maneno machache, yaleyale kila siku: moja la kwenda, moja la kusimama. Watoto nao wafundishwe hayohayo, maana punda anayeambiwa maneno saba na watu saba hatajua la nani. Anza bila mzigo, uwanjani penu, robo saa asubuhi na robo saa jioni.

Na akisimama ghafula njiani, usikimbilie fimbo. Asili ya punda ni porini katika nchi kavu za pembe hii ya Afrika. Wataalamu waliochunguza asili ya punda wa dunia nzima walieleza mwaka 2022 kwamba watu walianza kumfuga huku Afrika ya mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Mnyama huyo wa mawe na majangwa akiona hatari hasimbuki kukimbia ovyo, bali husimama na kutazama. Sisi tunaita ukaidi. Mpe nafasi atazame. Mara nyingi ataendelea mwenyewe.

Kwa mkokoteni, kuna jambo la haki: mteremkoni mzigo humsukuma. Lakini dawa yake si kumvuta kinywa. Dawa yake ni mkanda imara unaopita nyuma ya mapaja, ili azuie gari kwa mwili wake, na mtu mmoja ashuke atembee mbele kichwani pake. Ukipata breki ya kukandamiza gurudumu, vizuri zaidi.

Ikiwa mnyama wako amezoea lijamu na huwezi kuiacha leo, basi angalau ondoa waya leo. Tia lijamu ya kweli, laini, kwa vile vipimo nilivyoeleza, nawe uendelee kumzoesha hatamu pole pole.

USIKILAUMU KINYWA PEKE YAKE

Pengine umeondoa kila kitu kinywani naye bado anarusha kichwa. Tazama sababu nyingine mbili.

Sababu moja ni meno. Magego ya punda huendelea kuchomoza maishani mwake, na kusagika kwa kutafuna. Yasiposagika sawasawa huota makali pembeni, yakakata mashavu na ulimi. Dalili zake: anakula polepole, anainamisha kichwa upande mmoja, anadondosha majani aliyoyatafuna nusu, mate yanamtoka, kinywa kinanuka. Usichukue tupa ya seremala ukajaribu mwenyewe. Mwite daktari wa mifugo. Yeye ana tupa ya kazi hiyo.

Sababu nyingine ni nira. Watu wengi humfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, naye huisukuma nira kwa nundu hiyo. Punda hana nundu. Nira humkandamiza mfupa mtupu. Punda huvuta kwa kifua, basi mfungie mkanda mpana wa kifuani, uliowekwa kitambaa kinene, usiopanda kooni. Nimeona punda waliosemwa wana kinywa kibaya, kumbe kidonda kipo begani.

AKIWA AMEKWISHA KUUMIA

Vua kila kitu kinywani na kichwani. Mpumzishe. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita, umsafishe kwa upole mara mbili kwa siku. Mpe majani laini na maji safi. Mafuta ya gari, majivu ya betri na dawa nyingine za barabarani, hapana.

Kisha mwite mtaalamu wa mifugo upesi, maana iko hatari moja kubwa. Ni ugonjwa wa pepopunda. Jina lenyewe limemtaja punda! Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na huingia kwa kidonda. Punda na farasi ni wepesi kabisa kushikwa nao. Ukiona taya limekaza hawezi kutafuna, masikio yamesimama, mkia umeinuka, naye anatembea kama meza, usingoje kesho. Wengi hufa. Kinga yake ni sindano, na kinga bora zaidi ni kutokuwa na kidonda.

THAMANI YAKE

Mtu ataniuliza, "Karani, mbona maneno mengi hivi kwa ajili ya punda?" Nitamjibu kwa hesabu. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima au zaidi kidogo, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai kubebeshwa mzigo mpaka apate miaka mitatu au minne. Hazaliani kama mbuzi. Na katika miaka hii ngozi ya punda ilitafutwa sana ili kupelekwa China kutengenezwa dawa, hata vijiji vingi vya Afrika vikapoteza punda wao. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kuuzuia katika bara zima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama. Lakini sheria haiingii zizini kwako kila asubuhi. Anayeingia ni wewe.

Punda aliyetunzwa vema huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Ni safari ngapi za maji hizo! Ni vichwa vingapi vya wake zetu na binti zetu vimepumzishwa! Anayeumiza kinywa cha punda wake, mzigo haupotei. Unahamia kichwani kwa mama wa nyumba.

Wazee walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba punda akifa, mzigo unabaki njiani.

Basi leo jioni, kabla ya kufunga zizi, fanya jambo moja. Mwendee punda wako mikono mitupu. Msemeshe, mpapase shingo, kisha mfungue midomo polepole utazame pembe zake, ulimi wake na lile pengo. Ukikuta pazima, mshukuru. Ukikuta kidonda, kata waya usiku huohuo wala usingoje asubuhi.

Punda wangu yu mzima sasa. Anakwenda kwa hatamu ya pamba aliyoisuka binti yetu, na kisimani huninyoshea kichwa nimvishe. Alama ya waya imebaki ulimini mwake, nami kila nimtazamapo naiona.